Elbo Hii ni ya Chuma Gani? Nambari ya Forodha na Gharama ya Bomba la Maji

Mazungumzo kwa wanakamati wa miradi ya maji, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na mafundi wa mabomba, Kapsokwony, Kaunti Ndogo ya Mlima Elgon



Maji ya mlima huu hushuka yenyewe. Pale ambapo chemchemi iko juu na boma liko chini, hakuna haja ya pampu wala stima. Kinachohitajika ni bomba na viungo vyake. Lakini maji yanayoshuka hubeba nguvu. Kila mita 10 za mteremko huongeza presha ya karibu bari 1, hivyo bomba lililofungwa mita 100 chini ya tangi hubeba takriban bari 10. Ndiyo maana penye mawe, makorongo na mteremko mkali fundi mara nyingi huacha plastiki na kuweka chuma. Na penye bomba la chuma ni lazima pawe na elbo za kupinda, soketi za kuunganisha, tii za kugawa maji, unioni na flanji.

Vingi vya viungo hivyo hutoka ng'ambo na kuingia nchini kupitia Mombasa. Kontena likikwama huko, mtaro uliochimbwa na wanakijiji huku juu hujaa udongo mvua inaponyesha, na akina mama huendelea kubeba mitungi. Sababu moja ya mzigo kukwama ni nambari ya ushuru iliyoandikwa kwenye karatasi kutolingana na kitu kilichomo ndani ya sanduku. Mazungumzo haya yanahusu nambari hiyo: inavyopatikana, makosa yanayofanyika mara kwa mara, na haki za mwananchi akitofautiana na ofisi ya forodha.

Kazi ya nani?

Ushuru wa forodha hautozwi na kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya kinaipa Serikali ya Kitaifa pekee mamlaka ya kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka nchini, na kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeziachia kaunti huduma za maji na usafi. Kwa hiyo serikali ya kaunti, kamati za maji na wenye maduka wote ni wanunuzi. Ushuru ukilipwa zaidi ya inavyostahili, au faini ikitozwa, gharama huishia kwenye bei ya elbo dukani Kapsokwony, Cheptais au Kimilili. Mwananchi asiyejua nambari hana njia ya kujua kama bei aliyoambiwa ni ya haki.

Nambari inasomwaje?

Tangu mwaka 1988 nchi nyingi duniani zimekuwa zikitumia mfumo mmoja wa kupanga bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Kila bidhaa hupewa nambari yenye tarakimu 6. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili zikawa 8, na mbele ya kila nambari huandikwa kiwango cha ushuru. Viwango vya kawaida ni vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35, na hicho cha 35 kilianza tarehe 1 Julai 2022. Viwango vinaweza kubadilishwa kwa tangazo katika Gazeti la Jumuiya, kwa hiyo ajenti mwangalifu husoma jedwali la mwaka wenyewe badala ya kukumbuka la mwaka jana.

Tarakimu 2 za kwanza huonyesha sura. Sura ya 73 ni ya vitu vilivyotengenezwa kwa chuma. Tarakimu 4 huonyesha kichwa: 73.07 ni viungo vya mabomba, vya chuma cha aina yoyote. Mabomba yenyewe hayamo humo. Bomba la chuma cha kusubu liko 73.03, bomba lisilo na mshono liko 73.04, na yaliyounganishwa kwa mshono yako 73.05 au 73.06 kulingana na upana wake. Mpaka kati ya hayo mawili ya mwisho ni kipenyo cha nje cha milimita 406.4.

Maswali manne, kwa mpangilio

Ndani ya 73.07 jibu hupatikana kwa maswali manne, na mpangilio wake haubadilishwi.

Swali la kwanza: hiki ni kiungo cha bomba kweli? Kazi ya kiungo ni kuunganisha bomba na bomba, au bomba na kifaa kingine, au kuziba mwisho wa bomba. Kifaa chenye kifungulio cha maji, kama vali au mfereji, si kiungo. Chenyewe huenda 84.81. Boliti na nati za kufungia flanji huenda 73.18. Kishikio cha chuma cha kulitundika bomba ukutani hakiunganishi chochote, kwa hiyo nacho hakimo katika 73.07. Kiungo cha plastiki ni 3917.40, na cha shaba au shaba nyeupe ni 74.12.

Swali la pili: kimesubiwa? Yaani, je, chuma kiliyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu? Jibu likiwa ndiyo, kama ni chuma cha kusubu kisichofulika nambari ni 7307.11, na vingine vyote vya kusubu ni 7307.19.

Swali la tatu huulizwa ikiwa hakikusubiwa: ni chuma kisichoshika kutu? Sheria ya nambari haiangalii kung'aa kwake. Inataka kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 na kaboni isiyozidi asilimia 1.2. Kikitimiza hayo, flanji ni 7307.21, elbo na soketi zenye nyuzi ni 7307.22, vya kulehemu ncha kwa ncha ni 7307.23, na vilivyobaki ni 7307.29.

Swali la nne ni la chuma cha kawaida ambacho hakikusubiwa: kinaungwa vipi? Flanji ni 7307.91. Elbo, mipindo na soketi zenye nyuzi ni 7307.92. Vya kulehemu ncha kwa ncha ni 7307.93. Vilivyobaki vyote ni 7307.99.

Sanduku moja, nambari nyingi

Chukulia mfano wa mwenye duka anayeagiza sanduku la vifaa kwa ajili ya mradi wa maji. Ankara ya muuzaji imeandikwa mstari mmoja tu: "viungo vya chuma vya mabomba". Ajenti anajaza 7307.92 kwa mzigo wote kwa sababu nambari hiyo ameizoea. Ofisa wa forodha anafungua sanduku.

Cha kwanza anachokitoa ni elbo ya kijivu iliyopakwa zinki, yenye nyuzi ndani, ile inayojulikana na kila fundi. Hapa ndipo wengi huteleza. Dukani inaitwa elbo ya chuma, na watu hudhani ni chuma kile kile cha bomba. Lakini elbo ya aina hiyo kwa kawaida husubiwa kwa chuma kinachofulika. Ikiwa cheti chake kinataja kiwango cha ISO 49, hicho ni kiwango cha viungo vya chuma cha kusubu kinachofulika, na nambari yake ni 7307.19. Nyuzi haziipeleki 7307.92, kwa sababu swali la kusubiwa huulizwa kabla ya swali la nyuzi. Wala zinki haibadilishi neno, maana hiyo ni nguo tu juu ya mwili.

Cha pili ni tii ya chuma iliyofuliwa, yenye nyuzi. Hii haikusubiwa, ni chuma cha kawaida, na nyuzi inazo. Je, ni 7307.92? Hapana. Nambari hiyo inataja elbo, mipindo na soketi peke yake. Tii haikutajwa, kwa hiyo ni 7307.99.

Cha tatu ni elbo isiyo na nyuzi, ambayo ncha zake zimekatwa mshazari. Huo mshazari ndio nafasi ya kulehemu ncha kwa ncha, na nambari ni 7307.93.

Cha nne ni elbo inayong'aa, ya chuma kisichoshika kutu, lakini imesubiwa. Ajenti angeipeleka 7307.22. Mpangilio wa maswali unairudisha 7307.19, kwa kuwa viungo vya kusubu hutengwa kwanza.

Chini ya sanduku mna vali sita, mfuko wa boliti na pete za mpira za kuzuia maji yasivuje. Hakuna hata kimoja kilichomo katika 73.07.

Mstari mmoja wa ankara umegeuka nambari sita. Huenda mwenye duka hakukusudia kumdanganya mtu, lakini karatasi yake haikusema ukweli wa sanduku.

Gharama ya kosa

Kosa la nambari huwa na bei pale nambari mbili zinapokuwa na viwango tofauti. Hesabu hii ni ya mfano. Mzigo una thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000, na thamani hiyo imejumlisha bei ya bidhaa, bima na nauli mpaka bandarini. Kwa kiwango cha asilimia 10, ushuru ni 100,000. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 1,100,000, nayo ni 176,000. Jumla ni 276,000. Kwa kiwango cha asilimia 25, ushuru ni 250,000 na VAT ni 200,000. Jumla ni 450,000. Tofauti ni shilingi 174,000. Ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli huja juu ya hapo, lakini hizo hufuata thamani ya mzigo.

Hata pale viwango vinapolingana, nambari isiyo sahihi huzuia mzigo mpaka karatasi zirekebishwe. Siku za bure za kuhifadhi kontena zikiisha, gharama huhesabiwa kila siku. Na jambo haliishii getini. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu ofisa kudai ushuru uliopungua ndani ya miaka mitano, na pakiwa na ulaghai muda huo haumkingi mlaghai. Kutoa tamko la uongo ni kosa chini ya kifungu cha 203, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola 10,000 za Marekani. Nyaraka za mzigo basi zitunzwe kwa miaka hiyo mitano. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Dhana tatu za kuachana nazo

Ya kwanza ni kwamba nambari hufuata matumizi. Elbo ya mradi wa maji ya kijiji na elbo ya kiwanda hupata nambari moja. Hata kiungo kinachoagizwa kama spea ya pampu au ya trekta hakiwi sehemu ya pampu wala ya trekta. Maelezo ya Fungu la XV la mfumo huo wa nambari yanaviita viungo vya 73.07 sehemu za matumizi ya jumla, na hubaki katika kichwa chao. Kama mradi una msamaha wa ushuru uliotolewa kisheria, msamaha huo huombwa kwa njia yake. Haupatikani kwa kubadilisha nambari.

Ya pili ni kwamba kitu ambacho hakijamaliziwa ni kitu kingine. Kanuni za kutafsiri nambari zinasema kwamba kitu kisichokamilika, lakini chenye umbo la msingi la kilichokamilika, huainishwa kama kilichokamilika. Elbo iliyokwisha kupindwa na kufuliwa, ikabaki kukatwa mshazari tu, ni elbo. Marekani ilikutana na jambo la namna hii katika kesi zake za biashara. Mwaka 1992 iliweka ushuru maalum dhidi ya viungo vya kulehemu kutoka China vyenye kipenyo cha ndani chini ya inchi 14, kwa sababu ya kuuzwa kwa bei ya chini kupita kiasi. Mwaka 1994 iliamua kwamba viungo vilivyoundwa China na kwenda kumaliziwa Thailand vilikuwa vinaukwepa ushuru huo. Sheria ile ni tofauti na ya hapa, lakini funzo ni moja: kubakiza kazi ya mwisho hakukibadilishi kitu jina.

Ya tatu ni ya mpakani. Kutoka Kapsokwony, Lwakhakha si mbali, na upande wa Kitale kuna Suam. Wapo wanaodhani kwamba elbo iliyonunuliwa Mbale haina ushuru kwa kuwa Uganda ni mwanachama wa Jumuiya. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na kutimiza kanuni za asili ya bidhaa huingia bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti chake, na kwa bidhaa zinazokubaliwa za mzigo usiozidi dola 2,000 kipo cheti kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani. Lakini elbo iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Uganda kwa kulala dukani Mbale. Miaka ya magendo ya kahawa ya Chepkube ilishapita. Mwenye mzigo halali apite ofisini na karatasi zake, alale usingizi.

Haki ya mwananchi

Sheria hiyo hiyo inayoadhibu tamko la uongo inampa mwagizaji haki tatu.

Kwanza, anaweza kuomba uamuzi wa mapema chini ya kifungu cha 248A. Kabla ya mzigo kusafiri, huiandikia KRA akieleza bidhaa kwa ukamilifu, pamoja na picha, michoro, cheti cha kiwandani na hata sampuli. Uamuzi ukitoka, anajua nambari kabla ya kulipa senti kwa muuzaji.

Pili, asiporidhika na uamuzi wa forodha, kifungu cha 229 kinampa siku 30 kuomba upitiwe upya na Kamishna. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Muda huo ukipita bila jibu, sheria huhesabu kwamba ombi limekubaliwa.

Tatu, akikataliwa ana siku 45 za kukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa za Ushuru, chini ya kifungu cha 230. Na aliyelipa zaidi kwa makosa ana miezi 12 tangu siku ya malipo kudai arejeshewe.

Siku hizo hazingoji mtu. Malalamiko ya mdomo kwa ajenti, au simu kumi za kuuliza "imefika wapi", hayahesabiwi kuwa ombi. Kinachohesabiwa ni barua yenye tarehe, nambari ya tamko la forodha na sababu.

Kamati ifanye nini?

Kazi kubwa hufanyika hapa Kapsokwony, kabla meli haijang'oa nanga. Kamati au mwenye duka anapoandika oda, kila kiungo kipewe mstari wake wenye mambo sita: jina la kiungo; aina ya chuma; namna kilivyotengenezwa, kwa kusubiwa au kufuliwa; namna kinavyoungwa, kwa nyuzi, kulehemu au flanji; kipenyo; na kiwango cha ubora kinachofuatwa. Kisha muuzaji aambiwe aandike ankara na orodha ya vifurushi kwa maneno hayo hayo. Vali, boliti na pete za mpira ziwe na mistari yake.

Mambo hayo sita yana faida mbili. Ajenti hupata nambari bila kubahatisha. Na fundi, mzigo ukifika, anaweza kukagua kwamba kilichokuja ndicho kilichoagizwa na kwamba kinastahimili presha ya mteremko wake. Elbo isiyojulikana ni ya chuma gani ni hatari bandarini, na ni hatari zaidi ikishafukiwa chini ya barabara ya kijiji ikiwa na bari 10 ndani yake.

Mwanakamati anayeletewa bei iliyopanda kwa maelezo kwamba "ushuru umeongezeka" aulize maswali matatu kwa upole: nambari gani, kiwango gani, na liko wapi tamko la forodha lenye muhuri wa malipo? Mfanyabiashara mwaminifu hatakasirika, kwa kuwa karatasi hizo anazo. Na fundi aulizwe mapema, kwa sababu yeye ndiye anayejua kuitofautisha elbo ya kusubu na ya kufua kwa kuishika tu mkononi. Ujuzi huo ukiandikwa kwenye oda, mzigo utakuwa umeshapata nusu ya njia ya kutoka Mombasa.

 Kwa oda inayofuata, andikeni kila kiungo kwa jina lake kamili.